Je, Wajua? Kinachopotea na Kinachopatikana Chungwa Likikamuliwa

Chungwa zima la ukubwa wa kawaida lina takriban miligramu 70 za vitamini C na gramu 3 za nyuzinyuzi. Likikamuliwa, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye makapi, pamoja na hesperidini, kemikali ya kundi la flavonoidi iliyojaa zaidi katika utando na ngozi nyeupe ya ndani. Anayekula chungwa na nyama yake yote hupata vitu hivyo. Anayekunywa maji yake tu hukosa sehemu kubwa ya vitu hivyo.

Hata hivyo, kukamua si hasara tupu. Karotenoidi, rangi za asili ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A, hufungiwa ndani ya seli za tunda na kushikwa na pektini, aina ya nyuzinyuzi, hivyo nyingi hupita utumboni bila kufyonzwa. Ukamuaji huvunja kuta za seli hizo. Watafiti walioiga mmeng'enyo wa chakula maabarani waliona karotenoidi za juisi zikiachiliwa kwa wingi kuliko za tunda zima. Joto ambalo juisi hupashwa kiwandani, takriban nyuzijoto 90 za Selsiasi kwa sekunde chache, huua vijidudu na kupunguza vitamini C kidogo tu. Adui mkubwa wa vitamini hiyo ni oksijeni, hasa juisi ikikaa wazi au mahali penye joto.

Sukari ya juisi nayo huingia katika damu haraka, kwa kuwa nyuzinyuzi za kuichelewesha zimeondolewa. Kwa mlo wa kila siku chungwa zima ndilo bora. Juisi inywewe kwa kiasi, tena mara tu inapokamuliwa.