Mtoto Mtiifu au Mtoto Jasiri? Ngano za Kale na Masomo ya Kiingereza Uholanzi

Mzazi anayemsimulia mwanawe hadithi usiku hutenda mambo mawili kwa pamoja: humfunza lugha na humfunza maisha. Mwalimu anayefundisha lugha ya kigeni kwa hadithi naye hujitwika mizigo hiyo miwili, apende asipende. Leo nakualika twende Uholanzi, tukatazame namna watoto wadogo wa huko wanavyofundishwa Kiingereza kwa ngano, tujiulize pia: mtoto akiisha kuyajua maneno, je, funzo amelipata au limempita?

Mtoto wa Kiholanzi aghalabu huanza shule ya msingi akiwa na miaka 4, akaimaliza akiwa na miaka 12. Tangu mwaka 1986 Kiingereza ni somo la lazima katika shule hizo, hasa katika madarasa mawili ya mwisho. Lakini ziko shule zinazolianza mapema zaidi, hata tangu darasa la kwanza kabisa. Mtoto wa umri huo hajajua kuandika hata lugha ya mama yake. Kumwandikia kanuni za sarufi ubaoni ni kutwanga maji kinuni. Yeye hupokea wimbo, mchezo na hadithi.

Na hadithi zenyewe si ngeni kwake. Huko Kaatsheuvel, kusini mwa nchi, iko bustani ya Efteling, ambayo msitu wake wa ngano, uliobuniwa na mchoraji Anton Pieck, ulifunguliwa mwaka 1952. Vizazi kwa vizazi vya watoto vimepita humo vikiwatazama wahusika wa ngano kwa macho. Kwa hiyo mwalimu akisimulia kwa Kiingereza habari za binti wa kofia nyekundu, mtoto anamjua tayari bibi mgonjwa na mbwa mwitu kitandani. Njia anaijua; kilichobaki ni kuokota maneno.

Ngano ina fadhila nyingine, nayo ni marudio. Chukua kisa cha dubu watatu waliokuta nyumba yao imeingiliwa. Kila dubu hulalamikia bakuli lake, kiti chake na kitanda chake. Hayo ni malalamiko tisa, yote kwa sentensi ya umbo moja. Mtoto hachoki, kwa kuwa kila mara sauti hubadilika: dubu mkubwa hunguruma, mdogo hulia. Akifika kwenye lalamiko la tisa, darasa zima linasema pamoja na mwalimu, na hakuna aliyeambiwa kwamba amefundishwa sarufi.

MANENO YADANGANYAYO

Hata hivyo, iko hatari. Kiholanzi na Kiingereza ni lugha ndugu. "Water", "hand" na "wolf" huandikwa sawasawa katika zote mbili, na maana ni zile zile. Lakini ndugu nao huachana. "Braaf" kwa Kiholanzi ni mtoto mtiifu, asiyesumbua wazazi. "Brave" kwa Kiingereza ni jasiri. "Slim" kwa Kiholanzi ni mwerevu. Kwa Kiingereza ni mwembamba. Mwalimu akisema kwa Kiingereza kwamba binti alikuwa jasiri, mtoto huweza kusikia kwamba alikuwa mtiifu. Hapo lililopotea si neno tu, ni adili la hadithi nzima.

Nayo hadithi hiyo ina maadili zaidi ya moja. Charles Perrault wa Ufaransa, aliyeichapisha mwaka 1697, alimwacha binti ameliwa, kisha akaongeza beti za maonyo mwishoni. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, katika mkusanyo wao wa mwaka 1812, walimleta mwindaji akamwokoa. Tena waliongeza kipande ambacho wasimulizi wengi hukiacha: binti anakutana na mbwa mwitu wa pili, haachi njia, anamweleza bibi yake, na wote wawili wanamtega mnyama huyo kwa harufu ya maji yaliyochemshiwa soseji hata anaporomoka toka juu ya paa na kuzama. Mara ya kwanza binti aliokolewa. Mara ya pili alijiokoa pamoja na bibi yake. Basi mwalimu na aulize: je, alikuwa mtiifu, jasiri, au mwerevu? Maneno matatu yaliyochanganyika yanapata kila moja mahali pake.

KIDOLE NA TUTA

Kiko pia kisa kilichoandikwa kwa Kiingereza juu ya Uholanzi yenyewe. Mwaka 1865 Mmarekani Mary Mapes Dodge alichapisha kitabu cha Hans Brinker, ambamo mvulana anaziba kwa kidole tundu la tuta la kuzuia bahari, akakesha hapo usiku kucha. Wasomaji wa Kiingereza walikipenda mno. Lakini mtoto wa Kiholanzi anajua kwamba tuta ni kilima kinene cha udongo. Mafuriko ya Februari 1953 yaliua watu zaidi ya 1,800 nchini mwake, na kidole kisingaliwafaa kitu. Matuta hulindwa na mabaraza ya maji, ambayo mizizi yake ni ya karne ya 13, kwa kazi na michango ya wengi. Mwalimu asimnyime mtoto nafasi ya kulisema hilo, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Mtoto anayebishana na hadithi ameielewa.

Basi, mzazi mwenzangu, wewe ambaye mwanao naye anajifunza Kiingereza, usikimbilie kumwuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Atakujibu lile unalotaka kulisikia. Mwulize kwa lugha anayoimudu angalifanya nini yeye, kisha msaidie kulitafutia jibu lake maneno ya kigeni. Mtoto hukumbuka zaidi neno alilolihitaji kuliko neno alilokaririshwa.