Daktari wa Watoto Wachanga, na Mama Aliyefungiwa Ndani



Maghorofa ya Nyayo Highrise, Nairobi, yamepakana na Kibera, na hayako mbali na hospitali ya Mbagathi wala na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Watu wetu wa pwani wanaoishi mtaani humo si haba: binti aliyemfuata mumewe, kijana aliyepata kazi, bibi aliyepelekwa kulea wajukuu. Makina, jirani tu, wapo ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na waliokaa hapo kwa zaidi ya miaka mia. Basi binti yetu akijifungua huko kabla ya siku zake, mtoto hupelekwa chumba cha watoto wachanga, na simu huanza kulia Mombasa, Lamu na Malindi. Kila mmoja ana rai yake. Mwenye kauli ya mwisho kuhusu tiba ya mtoto huyo ni daktari bingwa ambaye aghalabu familia haijui hata kazi yake ni ipi.

Tuanze na daktari huyo. Husoma udaktari miaka 6 chuoni, akafanya kazi ya mafunzo mwaka mmoja, kisha akarudi darasani miaka 3 kusomea tiba ya watoto. Hiyo ni miaka 10, na bado hajaingia katika ubingwa wa watoto wachanga wenyewe, ambao una masomo yake juu ya hayo. Nchini Kenya mabingwa wa fani hii ni wachache mno. Mmoja anayejulikana sana ni Profesa Fred Were, aliyewahi kuwa mkuu wa Skuli ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ambaye wengi wa madaktari wa watoto wa leo wamepita mikononi mwake.

Mgonjwa wa daktari huyu hasemi wala haonyeshi panapomuuma. Pengine uzani wake ni kilo moja, sawa na pakiti ya sukari. Daktari humsoma kwa rangi ya ngozi, kwa mbavu zinavyoingia ndani anapovuta pumzi, kwa mkojo uliotoka usiku, kwa gramu alizopungua au kuongezeka. Mtoto huyo hajui bado kupumua na kunyonya kwa pamoja, kwa hivyo hutiwa mpira mwembamba puani au mdomoni unaofika tumboni, na maziwa hupimwa kwa mililita, kidogo kidogo, mchana na usiku. Mapafu yake yakiwa machanga huwekewa mashine inayosukuma hewa ili yasijifunge. Akisahau kupumua, kwani njiti husahau, hupewa dawa ya kafeini, nduguye yule aliyemo katika kahawa yetu, Subhaanallah.

Liko jambo moja linaloleta ugomvi mwingi wodini nami napenda akina mama walifahamu. Daktari hupunguza oksijeni, na mama hudhani mwanawe ametupwa. Sivyo. Oksijeni ikizidi kwa mtoto njiti huharibu mishipa ya macho na yaweza kumpofusha. Mwimbaji wa Marekani Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya siku zake, alipoteza uoni kwa maradhi hayo. Ndiyo maana kila mashine ina kipimo, na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mdogo sana hupangiwa siku ya kupimwa macho wiki chache baada ya kuzaliwa. Siku hiyo isikose, hata kama mtoto amekwisha kurudi nyumbani na ananenepa.

Na manjano ni hali kadhalika. Mazoea yetu ya kumwanika mtoto juani asubuhi hayatoshi manjano yanapopanda, nayo yakipanda sana huingia ubongoni na kuacha ulemavu wa maisha. Taa ya buluu wodini ndiyo tiba yake.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika hospitali za umma za Nairobi, muuguzi mmoja huwa na zaidi ya watoto 10 katika zamu moja. Hesabu mwenyewe, ewe msomaji: kila mtoto alishwe kila baada ya saa mbili au tatu, abadilishwe, apimwe joto, apewe dawa. Haiwezekani mtu mmoja kuyafanya hayo ipasavyo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na mama.

Hapa ndipo ninapofika penye uzito wa maneno yangu. Desturi yetu ya pwani ni mzazi kukaa ndani siku arubaini, akakandwa, akapewa uji wa pilipili manga, asitoke. Ni desturi njema kwa mama aliye na mwanawe ubavuni. Lakini mama ambaye mwanawe yuko wodini, akafungiwa chumbani ghorofa ya nne kwa hoja kwamba arubaini haijatimu, anazuiliwa jambo ambalo daktari hana mbadala wake. Arubaini ya kukaa ndani ni ada, si sharia. Sharia imezungumzia nifasi, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi huwa kwa kawaida siku arubaini na mwisho wake siku sitini, na hukumu zake ni za swala, saumu na mfano wa hayo. Hakuna palipoandikwa kwamba mwenye nifasi asiende kumwona mwanawe hospitalini. Mama mkwe mwenye busara atafunga chakula, atamvika mkaza mwana nguo ya kumsitiri na kumpa joto, na atafuatana naye.

Huko atafanya nini? La kwanza ni kukamua maziwa, mara nane au zaidi kwa siku, usiku nao ukiwemo, kwani maziwa yasiyokamuliwa hukauka. Yale ya njano ya mwanzo, ambayo baadhi ya bibi zetu walikuwa wakiyamwaga, ndiyo kinga ya mtoto. La pili ni kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunga kwa leso. Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona hana vitoto vya joto vya kuwatosha watoto wake. Wengi waliidhani ni tiba ya maskini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungojewa wapate nguvu, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25. Baba naye anaweza kumbeba. Kifua cha baba kina joto pia.

Swali ninaloulizwa sana na wanaoishi Nairobi ni la benki ya maziwa. Mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Wanawake wenye maziwa ya ziada hupimwa maradhi, maziwa yao huchemshwa kwa kipimo maalumu, kisha hupewa watoto ambao mama zao wamefariki au hawana maziwa. Kwa daktari hii ni rehema. Kwetu kuna suala la udugu wa kunyonya, uliotajwa katika Surat An-Nisaa aya ya 23. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilikataza mwaka 1985 kuanzishwa kwa benki hizi katika nchi za Kiislamu, kwa kuchelea nasaba za maziwa kuchanganyika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu, akishikilia kwamba kunyonya ni kwa titi. Katika madhehebu yetu, maziwa yakifika tumboni kwa chombo au kwa njia ya pua yanahesabika, na minyonyo mitano mbalimbali hutosha kuthibitisha uharamu. Mtoto wa wodini hufikisha mitano kwa siku moja.

Rai yangu ni hii. Maziwa ya mama mwenyewe kwanza, na kwa hilo mama ahudhurie. Yakikosekana, hospitali ikaafiki na kumpima, atafutwe mwanamke anayejulikana, khalati wa mtoto kwa mfano, na jina lake liandikwe pamoja na watoto wake. Na daktari akisema uhai wa mtoto umo hatarini, dharura ina hukumu yake; mtoto apewe, na baba aombe kumbukumbu ya aliyetoa maziwa ili ihifadhiwe. Asikae baba mlangoni akibishana huku mtoto ana njaa.

Tende ya tahniki, daktari akikataza, iachwe. Ni sunna, na njiti kutiwa kitu kinywani kwaweza kumdhuru. Adhana haihitaji zaidi ya mikono iliyooshwa na sauti ya chini.

Wengine huuliza kama mtoto wa miezi sita huhesabiwa mtu kamili. Wanazuoni, kwa kuzikutanisha aya ya 15 ya Surat Al-Ahqaf na aya ya 14 ya Surat Luqman, walitoa kwamba mimba ya chini kabisa ni miezi sita. Kwa hesabu ya madaktari, wanaoanzia hedhi ya mwisho, hiyo ni takriban wiki 27, na watoto wa umri huo leo wamo wodini na wengine huenda nyumbani wakiwa wazima. Akizaliwa hai kisha akafa, hata kwa saa moja, hupewa jina, huoshwa, huswaliwa na huzikwa kama mtu mwingine yeyote.

Ama akika, haingoji mtoto atoke hospitali. Siku ya saba huhesabiwa tangu kuzaliwa, na mbuzi aweza kuchinjwa Mombasa hali mtoto yuko Nairobi katika kitoto cha joto. Mwenye uzito wa fedha siku hizo, na gharama za wodi zikawa zimembana, ana ruhusa ya kuichelewesha.