Dereva mpya njia ya Fumba: acha nafasi, utapata muda

Leseni mpya imo mfukoni, gari la kaka lina mafuta, na lami ya kwenda Fumba imenyooka. Hapo ndipo dereva mgeni anapojisahau. Kwenye lami nzuri mwendo hausikiki. Unadhani unakwenda polepole, kumbe mshale uko 80.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Tangu umwone mtoto mbele yako, sekunde moja hivi hupotea kabla mguu haujakanyaga breki. Mpaka gari lisimame kwenye lami kavu, utakuwa umekwenda karibu mita 28. Ukiwa kwenye 80, utahitaji karibu mita 58, zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira. Mvua za masika zikinyesha, mita huongezeka tena.

Sasa fikiria daladala imesimama Dimani au Bweleo, wakati wa kutoka skuli. Watoto wanashuka, na mmoja anazunguka nyuma ya gari ili avuke. Wewe humwoni, naye hakuoni. Kwa hiyo ukikuta daladala imesimama, punguza mwendo kiasi cha kuweza kusimama papo hapo, hata kama njia inaonekana tupu.

Ukiwa nyuma ya gari jingine, pima nafasi kwa kuhesabu. Chagua nguzo ya umeme au mnazi kando ya njia. Gari la mbele likishaupita, anza: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Ukiufikia mnazi kabla hujamaliza, umekaribia mno. Ondoa mguu kwenye mafuta. Kukiwa na mvua, hesabu mpaka mia na sita.

Kuovateki ndiko kunakohitaji subira zaidi. Tuseme lori la mchanga linakwenda 60, nawe unataka kulipita kwa 80. Utatumia sekunde tisa hivi, yaani mita 200. Gari linalokuja mbele yako kwa 80 nalo litakuwa limekula mita 200 zake. Basi unahitaji kuona angalau mita 400 za njia tupu. Kwenye kona au mwinuko huzioni. Usiku, taa zako hazifiki huko. Kaa nyuma ya lori.

Na haraka hiyo inakupa nini? Katika kilomita 10, anayekwenda 80 humtangulia wa 50 kwa dakika nne na nusu tu.

Nawe msikilizaji unayepanda gari la kijana wako, usimhimize. Akikimbiza, mwambie apunguze. Kumwambia si kumvunjia heshima. Ni kutaka nyote mfike.