Kompyuta inavyokosea upepo wa nyuma ya gari

Ukiwa 100 kwa saa barabara kuu, sehemu kubwa ya nguvu ya injini inaliwa na hewa. Na kesi kubwa iko nyuma ya gari, pale hewa inapoachana na bodi na kuanza kuzungukazunguka. Hesabu ikikosewa hapo, makadirio ya mafuta, au ya chaji kwa gari la umeme, nayo yanakosewa.

Wahandisi wengi huanza na RANS. Ni ya haraka, kwa sababu haifuati kila mzunguko wa hewa, inachukua wastani tu. LES yenyewe hufuata mizunguko mikubwa inavyozaliwa na kufa. Midogo ndiyo inakadiriwa.

Mtihani maarufu ni umbo la Ahmed, kisanduku mfano wa gari kilichopimwa na S. R. Ahmed na wenzake mwaka 1984. Mgongo ukiinama nyuzi 35, hewa inaachana nao kabisa, na RANS haifanyi vibaya. Punguza hadi 25: hewa inaachana, kisha inarudi kuugusa. Hapo RANS mara nyingi hudai haikurudi. Nyuzi 10 tu!

Mbona wasitumie LES kila siku? Gharama. Karibu na bodi mizunguko ni midogo mno, na kuifuata kunakula kompyuta balaa. Ndiyo maana mwaka 1997 ikapendekezwa DES, mseto: RANS karibu na bodi, LES mbali nayo.

Kulinganisha vioo viwili vya pembeni, RANS inatosha. Mgongo unaokaribia nyuzi 25, mimi nisingeiamini peke yake.