Jicho Lililotokeza Baada ya Ajali

Mtu akianguka na bodaboda katika miteremko ya Tawa, huko Makueni, akaumia kichwa, jeraha laweza kufunga naye asiwe amepona. Baada ya siku au majuma, jicho moja hutokeza na kuwa jekundu, naye husikia kichwani mvumo uendao na mapigo ya moyo.

Wengi husema ni hasadi. Sisi twasema ruqya isomwe, ila isomwe njiani kwenda hospitali, kwani jicho hilo laweza kupofuka.

Mshipa mkuu upelekao damu ubongoni umechanika nyuma ya jicho, damu yake ya kasi ikavamia mishipa irudishayo damu. Katika miaka ya 1970 Dkt. Serbinenko wa Moscow alilitibu tatizo hili kwa kupitisha kipulizo kidogo ndani ya mshipa. Leo mrija mwembamba huingizwa kinenani, ukaongozwa kwa picha za eksirei hadi penye tundu, likazibwa kwa koili za platinamu. Fuvu halifunguliwi.

Na mama aonaye haya kwa ajili ya kinena ajue kuwa hiyo ni dharura. Hufunuliwa mahali padogo tu, naye aweza kuomba awepo muuguzi mwanamke.