Mzazi, usimwachie mwalimu riwaya peke yake

MSOMAJI mpendwa, ni lini mara ya mwisho uliposoma kitabu cha hadithi pamoja na mwanao? Sisemi kumkagulia kazi ya shule wala kumkemea kwa alama za mtihani. Nasema kuketi naye, mkafungua riwaya moja, mkaisoma kwa zamu hadi usingizi uwachukue.

Wengi watajibu kwamba hawana nafasi. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Naishi kijiji cha Raila, hapa Kibera, katika chumba kimoja cha mabati ambamo tunapika, tunalala na kupokea wageni. Redio ya jirani husikika kana kwamba ni yangu. Hata hivyo, ni katika chumba hicho ambapo binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 13, alinifunza kwamba riwaya si ya mtihani pekee.

Kitabu chenyewe kilikuwa Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, kilichotolewa mwaka 1996. Nilikinunua kikuukuu, jalada limechanika, kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya jiji. Nilikuwa nimekisoma zamani nikiwa sekondari, na nilichokumbuka zaidi ni maswali ya mwalimu: taja sifa za mhusika, eleza maudhui. Nilitaka tu binti yangu ajiandae mapema.

Waliokisoma wanajua. Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, Zainabu Makame. Mamaye anafariki, naye Kongowea anabaki na hamu ya kumjua babake. Hatimaye anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta, safari inayomfikisha hadi Kitale.

Tulisoma kurasa chache kila usiku, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Jioni moja akafunika kitabu akaniuliza, "Mama, na babangu mimi yuko wapi?"

Miaka yote nilikuwa nimemwambia kwamba babake yuko safarini kikazi. Ukweli ni kwamba alituacha kabla mtoto hajajua kutambaa, akaoa kwingine. Nilimeza mate, nikasema tumechoka, tulale.

Usiku uliofuata nikasingizia kazi. Wa pili, nikasema stima zimepotea na mshumaa umekwisha. Nilikiogopa kitabu kwa sababu niliujua mwisho wake: Kongowea anampata babake. Je, binti yangu akifika hapo, nitamwambia nini? Nikakitia sandukuni, chini ya nguo.

Hapo ndipo nilipokumbuka Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Babake Rosa anamchunga bintiye kwa ukali mno, kisha binti anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hajui namna ya kujilinda. Nchini Tanzania kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaruhusiwa. Watu wazima walidhani kwamba kukificha kitabu kungewakinga watoto na mambo yanayosimuliwa humo. Lakini mambo hayo yalikuwa yakitendeka vijijini na mijini, kitabu kiwepo kisiwepo. Hata swali la binti yangu halikuwa sandukuni. Lilikuwa moyoni mwake, na hapo sikuweza kulifunika kwa nguo.

Nikakitoa. Nikamweleza yote: jina la babake, jinsi alivyoondoka, na kwamba si yeye mtoto aliyemfukuza. Hakulia. Alinyamaza siku mbili nzima, akienda shule na kurudi bila neno zaidi ya salamu. Siku ya tatu nikamkuta ameketi kitandani, kitabu mkononi.

"Mama, tuliishia wapi?"

Tulikimaliza. Kisha akaniambia, "Sijui kama nitamtafuta. Lakini nikitaka, utaniambia pa kuanzia?" Nikamjibu kwamba nitamwambia.

Mpenzi msomaji, vitabu vya mwongozo ni vingi madukani, na vitamweleza mwanao maudhui na sifa za wahusika. Hakuna mwongozo ambao ungemtoa binti yangu swali lile. Lilitoka kwa sababu tulikuwa wawili, kitabu kikiwa katikati, na ilikuwa rahisi kuanza na shida za Kongowea kabla ya kufikia zetu.

Usiseme vitabu ni ghali. Tafuta vikuukuu, azima kwa jirani, au ulizia maktaba ya umma iliyo karibu nawe. Mwenye watoto wadogo aanze na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambayo ni fupi na hupendeza ikisomwa kwa sauti. Wapendao upelelezi watamfurahia Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960. Vijana waliokomaa wasome Utengano ya Said Ahmed Mohamed, nawe uwe karibu, kwa maana ina mambo mazito.

Walibora alifariki hapa Nairobi mwezi Aprili 2020. Kitabu chake kingali mezani petu, na sasa binti yangu humsomea mtoto wa jirani. Nawe, mwanao akikuuliza swali zito, usikimbilie sanduku. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.