Kitulo: Bustani ya Mungu Yakungoja

Ndugu msomaji, mwulize mfanyakazi wa mjini ataitumiaje likizo yake. Atakujibu kwamba atakwenda kijijini kuwasalimu wazee, au atabaki nyumbani apumzike. Kutembea milimani, atasema, ni starehe ya wageni wenye fedha. Fikira hiyo yafaa tuiache, kwani iko milima isiyodai ubingwa wala vifaa vya gharama.

Chukua mfano wa uwanda wa Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini. Uwanda huo uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na wenyeji wameupa jina la Bustani ya Mungu. Usitazamie kukuta makundi ya tembo wala simba. Huko yapo majani, upepo na maua, ambayo hushamiri tangu Desemba hadi Aprili. Aina za mimea ni kama 350, na kati ya hizo okidi peke yake ni 45. Kwa ajili ya maua hayo, mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa.

Ukitoka Mbeya, fuata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Chimala, kiasi cha kilomita 78. Hapo pinda kusini, upande ukuta wa milima kwa njia iitwayo Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Juu yake ndiko Matamba. Chukua sweta, koti la mvua na viatu imara, kwa maana Juni hadi Agosti baridi ni kali na ukungu hufunika njia. Tembea pamoja na mwongozaji, na watoto wasiachwe kutangulia peke yao.

Lakini bustani hiyo ina adui. Baadhi ya okidi zina viazi ardhini, ambavyo huchimbwa na kuuzwa Zambia, kunakopikwa chakula kipendwacho sana kiitwacho chikanda. Kiazi kiking'olewa, mmea umekufa. Mchimbaji naye tusimlaumu upesi. Ni mwananchi mwenzetu mwenye watoto wa kulisha. Ila mgeni anayemlipa kijana wa Matamba amwongoze, akalala na kula hapo hapo, huwapa wenyeji sababu ya kuliacha ua litoe mbegu.

Wala usidhani hasara ni yao peke yao. Majani ya uwanda ule huyashika maji ya mvua, yakayaachia polepole katika vijito vinavyoulisha mto Ruaha Mkuu. Mto huo ndio uzungushao mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Taa unayowasha jioni nyumbani kwako ina deni kwa milima hiyo.

Basi likizo ijayo, weka akiba kidogo kidogo, uende na jamaa yako. Waonyeshe watoto ua, walitazame na kulisifu, kisha waliache mahali lilipoota.